Mafuta yamo, kazi ni maji

Katika toleo lililopita tuligusia kwamba mwani mdogo, yaani ule ukoga wa kijani unaoota ndani ya simtanki iliyoachwa wazi, huweka akiba ya mafuta ndani ya seli zake, na kwamba mafuta hayo yanaweza kugeuzwa dizeli. Barua zikamiminika. Zilizofanana tumeziunganisha, na zile za "nitapata wapi mtaji" tumeziweka kando kwa sasa.

Nina hekta moja tambarare karibu na bahari, udongo wake wa chumvi hauoti kitu. Nimesoma kwamba mwani hutoa mafuta mara thelathini ya alizeti kwa eneo lilelile. Nikichimba mabwawa nitapata lita ngapi kwa siku?
*Msomaji, Bagamoyo*

Hizo mara thelathini hutoka kwa watu waliochukua siku bora ya maabara wakaizidisha kwa 365. Tupige hesabu ya shambani.

Bwawa linalotumika ni mfereji unaozunguka kama njia ya wakimbiaji uwanjani. Kina chake ni sentimita 20 hadi 30, na maji husukumwa na gurudumu la makasia yaende kama sentimita 25 kwa sekunde. Ukichimba zaidi, mwani wa juu unawafunika wa chini na jua haliwafikii. Bwawa la namna hiyo likitunzwa vizuri, wastani wa mwaka ni kama gramu 14 za mwani mkavu kwa mita ya mraba kwa siku. Gramu 25 huonekana, ila kwa wiki nzuri. Hekta yako basi inatoa kilo 140 kwa siku. Mafuta yakiwa robo ya uzito huo, ni kilo 35. Ukipoteza moja ya tano kwenye kuvuna na kukamua, mkononi unabaki na lita 30 hivi.

Kwa mwaka hizo ni karibu lita 10,000. Shamba zuri la michikichi hutoa kama nusu yake, na alizeti haifiki hata lita 1,000. Ahadi ya mwani si uongo, na ni kweli kwamba haudai udongo wenye rutuba. Sasa tazama upande wa pili wa daftari.

Hekta yenye kina cha sentimita 25 inabeba lita milioni 2.5 za maji. Jua na upepo wa pwani vikinyanyua milimita 6 kwa siku, umepoteza lita 60,000, yaani lita 2,000 za maji kwa kila lita moja ya mafuta. Utasema bahari ipo. Ndiyo, lakini maji yanayopaa huacha chumvi yake nyuma, na kila ndoo ya bahari unayojazia inaleta chumvi nyingine. Kwa kasi hiyo, baada ya wiki sita chumvi ya bwawa imekuwa maradufu. Utalazimika kumwaga sehemu ya bwawa kila mara, pamoja na mbolea iliyomo, au kununua maji baridi ya kujazia.

Na mbolea? Naitrojeni ni kama asilimia 8 ya mwani mkavu. Kilo 140 zinadai kilo 11 za naitrojeni, sawa na kilo 24 za urea: karibu nusu mfuko, kila siku inayokwenda kwa Mungu. Hewa ukaa nayo ni kilo 250 kwa siku, na ile inayojiyeyusha yenyewe kutoka angani haitoshi. Lazima ipulizwe majini.

Lipo na jambo ambalo vipeperushi huliruka. Mwani ulioshiba naitrojeni hukua lakini hauweki mafuta mengi. Ukiunyima, unaanza kuweka mafuta lakini unaacha kukua. Ile robo ya mafuta na zile gramu 14 kwa hiyo hazikai pamoja kwa urahisi. Katika hesabu ya juu tumekuonea huruma.

Nimeotesha Chlorella, mwani mdogo wa kijani, kwenye ndoo hadi maji yakawa kijani kabisa. Nikichuja kwa kitambaa, hata kilichokunjwa mara nne, kijani chote kinapita. Wenye mashamba wanavunaje?
*Mwanafunzi wa chuo, Eldoret*

Umegonga penyewe. Ugumu wa biashara hii uko hapo ulipokwama, kuliko kwenye kuotesha.

Seli ya Chlorella ina upana wa maikromita chache tu, na tundu la kitambaa chako ni kubwa kuliko hilo mara kadhaa. Tena, yale maji yanayoonekana kama supu ya mchicha yana nusu gramu tu ya mwani mkavu kwa lita. Ili upate lita moja ya mafuta unahitaji kilo 4 hadi 5 za mwani mkavu, na kilo hizo zimetawanyika ndani ya lita 9,000 za maji.

Mashine ya kuzungusha kwa kasi, ile inayotenga maziwa na malai viwandani, inaweza kuzitoa. Inakula umeme wa kama uniti moja kwa kila lita 1,000, hivyo umetumia uniti 9 kwa lita moja ya mafuta. Lita hiyo ukiichoma inatoa nishati ya uniti 9 na kidogo. Umefika ulikoanzia, na bado hujakausha.

Kwa sababu hiyo watu huanza kwa kuutuamisha mwani. Kwa ndoo yako ya lita 20 tumia shabu, gramu 4 hadi 6 zilizoyeyushwa kwenye kikombe cha maji. Mimina huku ukikoroga haraka kwa dakika moja, kisha koroga polepole kwa dakika kumi na tano mpaka uone vibonge kama vumbi la majani. Acha saa moja. Vikitua, nyonya maji ya juu kwa mpira. Ukikoroga haraka muda wote utavivunja vibonge navyo havitatua. Kosa hilo ndilo linalojirudia zaidi. Kwa maji ya bahari kiasi cha shabu huwa kikubwa mara kadhaa kuliko hicho, kwa sababu chumvi inaifunga. Njia nyingine ni kupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji) ipite 10.5 kwa chokaa. Magnesiamu iliyomo majini huganda na kushuka na mwani. Mwani uliovunwa kwa shabu una aluminiamu, usimpe kuku wala ng'ombe.

Utapata uji wenye mwani asilimia 2 hadi 5. Huo sasa ndio unaoingia kwenye mashine ya kuzungusha, ukitoka kama uji mzito wa asilimia 20. Yaani kila kilo kavu bado inashikana na kilo 4 za maji. Kuzichemsha zipae kunakula angalau megajuli 10, na kilo ya mwani mkavu ina megajuli 22 tu. Ukianika juani hulipi kitu, ila tandaza usizidi nusu sentimita, vinginevyo tabaka la chini linaoza na mafuta yanachacha kabla hujayafikia.

Ipo njia ya kukwepa kukausha: uji huohuo wenye maji unapikwa kwa nyuzi 300 hadi 350 chini ya mgandamizo wa karibu mara 200 ya ule wa hewa, kwa nusu saa au pungufu, nao unatoka mafuta meusi kama ghafi. Ni njia nzuri kuliko zote tulizoziona, lakini si ya karakana. Chombo kikipasuka hakuna wa kusimulia. Na mafuta yale hubeba naitrojeni nyingi, ambayo kiwanda cha kusafisha lazima kiitoe kwa haidrojeni.

Kwa siku nane tangi letu la lita 1,000 lilikuwa kijani safi. Siku ya tisa asubuhi tukakuta maji ya kahawia, povu juu, harufu ya kuoza, na vidoa vyeupe vinacheza. Tulizidisha mbolea?
*Kikundi cha vijana, Morogoro*

Mbolea haina kosa. Mmeliwa.

Hivyo vidoa ni rotifa, wanyama wa sehemu ya kumi ya milimita hadi mbili tatu. Jazeni glasi, ielekezeni kwenye mwanga, mtawaona wakipanda na kushuka. Kwenye maji ya joto huzaliana kwa kasi ya ajabu: leo wachache, kesho kutwa wamejaa. Povu ni protini ya seli zilizopasuka.

Wanaingia kwa maji yasiyochujwa, kwa vumbi, kwa miguu ya ndege, na mara nyingi zaidi kwa mbegu yenyewe, yaani mwani hai mnaoanzia. Tangi hilo limwageni, lisugueni, lijazeni maji yenye dawa ya klorini usiku kucha, kisha lisuuzeni. Mbegu isichukuliwe tena kutoka tangi kubwa. Wekeni chupa tano za lita moja na nusu zenye maji yaliyochemshwa, zibeni kwa pamba, mziweke chumba kingine. Hizo ndizo ghala lenu. Pandisheni kwa hatua: chupa kwenda ndoo, ndoo kwenda pipa, kila mara mbegu iwe asilimia 10 hadi 20 ya ujazo mpya. Mbegu kidogo kwenye tangi kubwa humpa mgeni nafasi ya kukua kwanza.

Kila asubuhi angalieni tone moja kwa hadubini ya mara 100. Mkiona rotifa watatu au wanne, msisubiri: vuneni tangi zima siku hiyohiyo. Kwa Chlorella, ambayo ni ngumu, wengine hushusha pH hadi 3 kwa asidi kwa saa moja kisha huirudisha. Rotifa hufa, mwani unabaki. Si kila aina inavumilia, jaribuni kwa chupa kwanza. Mkishavuka siku ya tano, vuneni theluthi moja kila siku ya tatu na kujazia upya, msiache mwani uzeeke.

Wenzenu wanaofuga spirulina, mwani wa kuliwa, hawana msiba huu kwa sababu maji yao ni ya magadi, pH kama 10, na walaji wengi hawawezi kuishi humo. Ni hali ileile ya Natron na Bogoria, inakowalisha heroe. Tena spirulina ni nyuzi ndefu zilizojisokota, inachujwa kwa kitambaa cha kawaida. Ila mafuta yake ni kama asilimia 5 hadi 8 tu. Ulio rahisi kufuga hauna mafuta, na wenye mafuta ni mgumu kufuga.

Assalaam alaykum. Sisi ni wakulima wa mwani wa baharini, na bei ya wanunuzi inatuumiza. Mwani wetu unaweza kutoa hiyo dizeli?
*Wanawake wa Jambiani*

Wa alaykum salaam, dada zetu. Jina ni moja, mmea si mmoja. Spinosum na cottonii mnazofunga kwenye kamba hazina mafuta ya maana: asilimia 1 hadi 3 ya uzito mkavu. Kilo mia moja mbichi zinakauka hadi kilo 12 au 13, na humo mafuta hayafiki nusu kilo. Thamani yake ni ute, ule unaogandisha vyakula na dawa ya meno viwandani. Kuuchachusha upate gesi ya kupikia kunawezekana kwa ule uliooza au kung'olewa na mawimbi, lakini osheni chumvi kwanza, na mjue gesi yake ina salfa nyingi, yaani harufu ya yai viza, inayokula mabomba ya chuma. Mkitafuta bei, sabuni na unga wa mwani vinawalipa kuliko dizeli itakavyowahi.

Kiwanda cha saruji kinatoa moshi mchana na usiku. Kwa nini mwani usifugwe pembeni uunywe wote?
*Msomaji, Tanga*

Kiwanda cha tani 1,000 za saruji kwa siku hutoa hewa ukaa ya tani 700 hivi. Hekta ya mabwawa hunywa robo tani, tena mchana tu. Unahitaji hekta 2,800. Na mafuta yakichomwa, hewa ukaa ile inarudi angani. Kipande cha moshi kwa bwawa la biashara nyingine, sawa. Kusafisha kiwanda, hapana.

Kama wenye fedha za visima vya mafuta walishindwa, kwa nini bado tunaandika kuhusu jambo hili?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Swali la haki. Serikali ya Marekani iliendesha mpango wake wa mafuta ya mwani kuanzia 1978 hadi 1996, kwa takriban dola milioni 25. Ilikusanya aina zaidi ya 3,000 za mwani, ikazichuja hadi 300 hivi, na kujenga mabwawa ya mita za mraba 1,000 huko Roswell, New Mexico. Siku nzuri zilionekana, lakini usiku wa jangwani ni baridi, na wastani ukabaki kama gramu 10. Kampuni ya mafuta ya ExxonMobil iliingia 2009 ikishirikiana na Synthetic Genomics, kampuni ya vinasaba. Mwaka 2017 walitangaza aina ya Nannochloropsis iliyobadilishwa vinasaba, mafuta yakapanda kutoka asilimia 20 hadi zaidi ya 40 bila ukuaji kuporomoka. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu liligusa ule mvutano wa njaa na shibe tuliomweleza msomaji wa Bagamoyo. Mapema 2023 ilijulikana kwamba Exxon imejitoa. Kampuni ya Solazyme nayo ililisha mwani sukari gizani ndani ya matangi, ikahamia mafuta ya chakula, ikabadili jina kuwa TerraVia, na 2017 ikafilisika.

Vinasaba havimalizi tatizo la maji. Ukiongeza mafuta mara mbili, lita 9,000 zinakuwa 4,500, na bado unashindana na kisima ambacho mafuta yanatoka yakiwa mafuta. Waliosalimika ni wanaouza vitu ghali: rangi ya karoti kutoka mwani wa Dunaliella, omega-3, spirulina. Kilo ya spirulina kavu hununua lita nyingi za dizeli, na hakuna mfanyabiashara asiyeona hilo.

Mabwawa ya majitaka ya Ruai yana kijani mwaka mzima. Hapo mbolea na maji si bure?
*Mhandisi, Nairobi*

Bure kabisa, na kwa maoni yetu hapo ndipo ahadi ya mwani ilipo. Maji tayari yamelipiwa na anayetaka yasafishwe. Naitrojeni na fosforasi ni uchafu uliotakiwa kuondolewa. Mwani hutoa oksijeni inayowapa bakteria pumzi, na umeme wa kupuliza hewa unapungua.

Msitafute mafuta humo. Aina za mwani zinajichagua zenyewe na mafuta yake ni kidogo. Tuamisheni, mpeleke uji mbichi kwenye mtambo wa biogesi, hakuna kukausha. Kilo moja kavu inaweza kutoa lita 200 hadi 300 za methani. Mtakwama mahali pawili. Kwanza, mwani una naitrojeni nyingi kwa kaboni yake, uwiano wa kama 1 kwa 6 hadi 10, wakati mtambo unataka 1 kwa 20 hadi 30. Ukilishwa peke yake unajaa amonia na gesi inakatika, hivyo changanyeni na maganda, karatasi chakavu au mabua yaliyosagwa. Pili, seli za Chlorella na Scenedesmus zina ngozi ngumu. Nyingine hupita mtamboni na kutoka zikiwa hai. Kuzipasha joto kwanza, kwa moto wa injini inayotumia gesi hiyohiyo, husaidia. Na tope linalotoka bado lina vijidudu vya choo: lianikwe na lichakatwe kabla ya kugusa mboga.

Nataka wanafunzi wa kidato cha nne waone mafuta hayo kwa macho. Nianze na nini?
*Mwalimu wa kemia, Iringa*

Mwalimu, chukua chupa tano za maji ya kunywa za lita 20, angavu. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima klorini iondoke. Kila chupa weka urea gramu 2, DAP nusu gramu, na matone machache ya mbolea ya majani yenye chuma na madini madogo. Ongeza lita 2 hadi 3 za mbegu. Weka karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, jua la saa nane lisizipige, na pampu ya hewa ya tangi la samaki ikitokota. Mchana pima pH, ikivuka 9.5, mwani umemaliza hewa ukaa. Unganisha mrija kutoka chupa ya hamira na sukari, ila povu la hamira lisivuke. Siku ya tano chupa mbili zihamishiwe kwenye maji yasiyo na urea, zibaki tatu za kulinganisha.

Siku ya kumi tuamisha kwa shabu, anika, saga kwenye kinu cha maabara na mchanga safi kidogo, loweka kwenye heksani (kimiminika kinachoyeyusha mafuta) usiku mmoja, chuja, acha heksani ipae nje kwenye beseni la maji ya moto mbali na moto wowote. Chupa moja itatoa kama gramu 10 za mwani mkavu na gramu 2 za mafuta, nusu kijiko cha chai. Waandae wanafunzi: hayatakuwa ya dhahabu kama ya alizeti. Yatakuwa nta ya kijani cheusi inayonuka samaki, kwa sababu klorofili imetoka nayo.

Kwa nta hiyo usijaribu kutengeneza biodizeli. Mara nyingi asidi yake huru inazidi, na kostiki soda inayotumika kutengenezea dizeli itaigeuza sabuni. Hata ikifaulu, baadhi ya aina za mwani wa baharini zina mafuta yenye vifungo maradufu vya kaboni vingi mno. Kipimo cha Ulaya, EN 14214, hakiruhusu zaidi ya asilimia 1 ya yale yenye vifungo hivyo vinne au zaidi, maana huganda gundi kwenye injini.

Hatua ya dizeli onyesha kwa mafuta ya chipsi. Lita moja ichujwe, ipashwe hadi nyuzi 110 maji yaishe, ipoe hadi 55. Yeyusha kostiki soda gramu 5 hadi 6 ndani ya mililita 200 za methanoli, changanya, koroga saa moja, acha ilale. Asubuhi glisirini nyeusi itakuwa chini na dizeli juu. Ukiona uji mweupe badala ya matabaka mawili, mafuta yalikuwa na maji au kostiki ilizidi. Methanoli hupofusha ikinywewa na mvuke wake ni sumu. Moto wake hauonekani mchana. Kazi yote ifanyike nje, glavu na miwani, methanoli umimine wewe. Glisirini isimwagwe kwenye sinki, bado ina methanoli na kostiki ndani yake.